Rufiji Famili, Kundi la Watu Wawili

Fikirini anafua nazi. Ukitoka Kibiti kama unaelekea Ikwiriri utakiona kiwanja changu kando ya barabara: lundo la nazi, lundo kubwa zaidi la makumbi, na katikati mwanamume mwenye kitambi ameinamia kifuo, kile chuma kilichochongoka kilichosimikwa ardhini. Anaishika nazi kwa mikono miwili, anaichoma, anaipindua, kumbi linaachia. Kuanzia hapa hadi Utete sijaona wa kumshinda, na sijapata kumwambia, maana mtu ukimsifia kazi yake leo, kesho anakuja kuongea bei.

Mimi ni Mndengereko, yeye ni Mmatumbi. Kwa wasiotujua: hawa ni watani wetu. Mtani anaweza kukuita maiti mbele ya mkweo nawe ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuigiza mbele ya jeneza lako. Anavaa nguo zako, anatembea ulivyotembea, anaziba njia, anadai kikomboleo kabla hujapelekwa kaburini. Kwa hiyo haya ninayoandika mtani kamwandikia mtani. Sina sababu ya kumpamba.

Fikirini anaimba akifua. Haimbi za sasa. Anaimba nyimbo za wakati tulipokuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba, zile za vijana waliovaa suruali pana kama magunia na raba mtoni za kutoka ng'ambo, wakitaja majina ya mitaa yao utadhani ni falme. Simu yake ina kadi iliyojaa nyimbo hizo tu. Anaweza kukwambia wimbo fulani ulitoka kabla au baada ya daraja la Rufiji kufunguliwa, na aliusikia kwa nani, na siku hiyo kwao walipika nini.

Mwaka juzi kijana mmoja mpakiaji wa lori, Ashrafu, alikuwa ameweka singeli kwenye spika yake, mwendo wa mtu anayekimbizwa na nyuki. Fikirini akamwomba aweke kadi yake. Ashrafu akaiweka, akasikiliza kidogo, akauliza kwa adabu kabisa:

"Mzee Fiki, hizi zilipendwa umezitoa wapi?"

Fikirini akaacha nazi imechomekwa kwenye kifuo.

"Umeziitaje?"

"Zilipendwa."

"Zilipendwa ni za babu yako, za matarumbeta. Hii ni bongo fleva."

"Ya lini?"

"Elfu mbili na mbili."

"Mimi sijazaliwa," Ashrafu akasema. "Basi ni zilipendwa, mzee wangu. Usikasirike, hata wewe ulipendwa."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikiwamo. Fikirini hakula siku hiyo. Wali wake uliliwa na Ashrafu.

Sasa, kukasirika kwake kulikuwa na mzizi, na mzizi ulikuwa ni wimbo mmoja ambao haukuwa kwenye kadi ile wala kwenye kadi ya mtu yeyote duniani.

Walikuwa wawili. Mwingine aliitwa Huseni, Mndengereko mwenzangu wa Dimani, aliyekuwa akikaa Kibiti kwa mjomba wake. Tulimaliza darasa la saba pamoja, sote watatu, na sote watatu hatukuchaguliwa kuendelea. Mimi nikaanza kuuza nazi moja moja kwenye sinia. Wao wakaanzisha kundi. Waliliita Rufiji Famili. Nikawauliza familia gani ina watu wawili, baba na mama? Fikirini akanijibu kwamba sielewi sanaa. Ni kweli, sikuielewa. Nilielewa nazi.

Wimbo wao uliitwa "Hatuzeeki". Ulikwenda kwa kuitana na kuitikia. Fikirini alirusha swali, Huseni akajibu neno moja tu.

*Nani anatamba toka barabarani hadi deltani?*
*Sisi!*
*Nani hatachoka, hatazeeka, hatalala chini?*
*Sisi!*

Sauti ya Huseni ilikuwa bado haijamaliza kuvunjika, kwa hiyo ile "Sisi!" ilitoka nyembamba kama ya mwanambuzi. Kisha ukafuata ubeti wa mapenzi, ambao Fikirini alijivunia kuliko yote:

*Toto la Utete, usinicheke nimevaa ndala,*
*Kesho utaniona kwenye luninga, utakosa pa kulala.*

Hakukuwa na toto lolote la Utete. Nilimuuliza. Alisema liliingia kwa ajili ya vina.

Walifua nazi msimu mzima wakaenda Dar, wakarekodi kwenye chumba kimoja Temeke ambacho kuta zake zilikuwa zimegongomewa magodoro. Mwenye chumba alikula chipsi wakati wakiimba. Walipofika mwisho akawauliza, "Mmemaliza?" Wakasema tumemaliza. Akasema, "Haya." Huo ndio uhakiki pekee ambao wimbo ule ulipata kutoka kwa mtaalamu. Kanda moja waliiacha getini kwa redio fulani, mikononi mwa mlinzi aliyeahidi kuifikisha. Nyingine walirudi nayo Kibiti, na Fikirini akakaa mwaka mzima ameegesha sikio kwenye redio ya baba yake, akimaliza mawe ya betri, akingoja mlinzi yule atimize ahadi.

Kanda ya nyumbani nayo haikudumu. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, baba yake alitaka kurekodi mawaidha ya shehe mgeni, akatafuta kanda, akaiona moja haina jina. Kuanzia hapo ukiiweka ulisikia Fikirini akiuliza "Nani anatamba toka bara-" halafu shehe anatoa salamu. Fikirini aliisikiliza hivyohivyo kwa miaka, mpaka utepe ukaliwa na redio.

Ukiuliza mtu kama huyu anataka nini maishani utadhani atakwambia nyumba ya bati, au mke wa pili. Fikirini alitaka watu wakae kimya, wimbo ule uimbwe mara moja kwa heshima mpaka mwisho, na mtu mmoja aseme mlikuwa mnajua. Hilo tu. Aliwahi kuniambia hivyo mwenyewe, nami nikamjibu kwamba angetaka bati ingekuwa rahisi zaidi.

Huseni alihamia Mbagala. Akauza mashati, akaja kuendesha bajaji, akaoa Rukaya, wakazaa. Alinenepa, akacheka sana, akaishi. Kwenye Idi ya mwaka uliopita alikuja Kibiti, akapita kiwanjani kunisalimia. Fikirini aliacha kazi, akanawa mikono, akamsimamisha kando ya makumbi.

"Mtani, tuuimbe."

"Tuimbe nini?"

"Usinitanie. Wetu."

Huseni akatazama saa yake, akatazama bajaji, akakubali. Fikirini akarusha swali la kwanza. Huseni akajibu "Sisi!" kwa sauti ileile ya mbuzi, safi kabisa, nami nikashangaa. Lakini walipofika kwenye ubeti, Fikirini akamnyooshea mkono amalizie mstari wa luninga, mwenzake akabaki anamtazama na mdomo wazi.

"Umeusahau?"

"Kaka, mimi hata nauli za jana nasahau," Huseni akasema, akacheka, akampiga begani. "Unao wewe. Utunze."

Akaondoka. Fikirini akarudi kwenye kifuo na siku nzima hakuimba. Jioni akaniambia, "Amesema niutunze." Nikamwambia nimesikia. Mtu anayetaka kudanganywa hana haja ya muuzaji hodari.

Huseni alikufa kwa presha mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza. Aliinama kufunga kamba za viatu hakuinuka. Wakamleta Dimani kuzikwa kwao, na Rukaya akaja na watoto kukaa eda kwa wakwe zake.

Habari ilimkuta Fikirini kiwanjani. Hakulia. Alimaliza nazi zilizobaki, akazipanga, akanijia pale nilipokuwa nahesabu magunia.

"Mama Muzdalifa, kesho nitauimba."

"Utauimba wapi?"

"Mbele ya jeneza. Kabla hajatoka nyumbani. Wote wawe kimya, niuimbe mpaka mwisho. Nusu ya wimbo ni yake, anastahili aondoke nayo."

Nikaweka gunia chini.

"Fikirini, wewe ni nani kwa Huseni?"

"Rafiki yake."

"Kabla ya rafiki."

Akajikung'uta nyuzi za makumbi mikononi.

"Wewe ni mtani," nikamwambia. "Ukisimama mbele ya jeneza la Mndengereko, watu wanajua kilichokuleta. Kama unataka heshima, kaa nyuma na kofia yako, uitikie dua, uondoke."

"Nitawaambia kwanza kwamba leo sitanii."

"Mtani akisema sitanii, ndiyo kaanza."

"Watanielewa," akasema. "Sura yangu wataiona."

Sura yake! Mtu ana mashavu kama maandazi.

Siku ya mazishi mimi nilikuwa chumbani na wanawake, dirisha linatazama uani. Jeneza liliwekwa kwenye jamvi mbele ya mlango, na watani walikuwa wameshaanza kazi. Mkubwa wao, Abubakary, mzee wa Kimatumbi asiye na meno ya mbele, alikuwa amevaa koti la Huseni la kuendeshea na kushika mpini wa jembe kama usukani wa bajaji. Alizunguka jeneza akipiga honi kwa mdomo.

"Mbagala Rangi Tatu, mmoja, mmoja! Wewe abiria, mbona umelala? Mama mkwe, huyu abiria kalala na nauli hajatoa! Namshusha hapahapa!"

Wanaume walicheka wakijishika magoti. Shehe akasema jua linakwenda. Abubakary akamjibu kwamba asiwe na haraka, hata kwake watafika. Hata Rukaya, aliyekuwa amejiinamia kona ya chumba na kufunikwa khanga mpaka usoni, nilimwona mabega yakitikisika, na hayakuwa yanatikiswa na kilio.

Kisha Fikirini akatoka kwenye kundi. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, na kofia ya kufuma. Abubakary akampisha, akasema kwa sauti, "Haya, nafasi kwa mwenyewe. Huyu ndiye alikuwa anamjua marehemu hadi ndani ya mfuko."

Watu wakasogea karibu. Walikuwa wanamsubiri yeye.

"Ndugu zangu," Fikirini akaanza, "mimi leo sitanii."

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa raha.

"Huyu aliyelala hapa alikuwa mwimbaji."

Uani pakavuma. Dereva wa bajaji mwimbaji! Karibu yangu bibi mmoja alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Nawaombeni. Alikuwa mwimbaji, na nusu ya wimbo ni yake. Nitauimba wote, kisha mumzike. Naomba ukimya."

Na kweli wakampa ukimya. Wakampa ule ukimya wa watu waliokunja midomo wasije wakacheka kabla ya wakati. Yeye hakujua tofauti.

Akaimba. Tatizo la kwanza ni kwamba wimbo ule haumjii bila mikono. Waliujifunza na ishara zake, vidole viwili chini, goti limekunjwa, bega moja mbele, kama walivyoona vijana wa Dar wakifanya kwenye video za ukumbini. Akaufanya wote, na kanzu yake, na kitambi chake, na upara uliochungulia pembeni ya kofia iliyoteleza. *Nani anatamba toka barabarani hadi deltani?* Akanyoosha mkono kwenye jeneza. Akanyamaza, ampe mwenzake nafasi yake.

Nataka mwelewe kwamba ile nafasi aliiacha kwa moyo safi. Hakuna mtu pale uani aliyeelewa hivyo. Palikuwa na kitambo kidogo cha kimya, mtani amemnyooshea maiti mkono, anangoja ajibu.

Wakajibu watoto watatu wa Huseni. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, macho yamevimba, na wote kwa pamoja, kwa sauti nyembamba ya mwanambuzi, wakasema:

"Sisi!"

Uani paliporomoka. Sijui niseme vipi. Wanaume wazima walikaa chini. Mmoja alishika nguzo ya baraza akawa anaipiga kofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, msibani, kisha akajishtukia. Shehe akageukia ukuta, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kupenga kamasi.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Fikirini usoni, na uso wake uling'aa. Watoto wanaujua! Vicheko hakuvisikia tena. Aliimba kwa watoto wale watatu. *Nani hatachoka, hatazeeka, hatalala chini?* "Sisi!" Akaingia kwenye ubeti wa toto la Utete, watoto nao wakaingia, neno kwa neno, ndala na luninga, mpaka mstari ule ambao baba yao alikuwa ameusahau mbele yangu kwenye Idi. Wao hawakuusahau. Na hapo, kwenye neno la mwisho, Fikirini akashindwa. Machozi yakamtoka, ya kweli, na kamasi, na sauti ya mtu anayekabwa.

Mtani halii. Kila mtu anajua. Aliyekuja kuigiza akilia ameharibu shughuli, hakuna mtani mwenye akili anayefanya hivyo. Kwa hiyo, walipoona analia, waliona amefika kilele.

"Jamani, mtazameni na machozi!" Abubakary akapaza sauti, mwenyewe hoi. "Mimi miaka yote hii sijaweza kutoa machozi! Huyu kiboko!"

Wakammwagia unga kichwani kwa kumtunza. Wakainua jeneza wakicheka, wakaenda nalo, na Fikirini akafuata nyuma mweupe kama andazi ambalo halijakaangwa.

Siku iliyofuata kazini alikuwa amechangamka. Nilidhani atakuja amevunjika.

"Uliwasikia watoto?"

"Niliwasikia."

"Wanaujua wote. Hadi ubeti. Kumbe hakuusahau! Alikuwa anawafundisha nyumbani. Mtu anamfundisha mwanawe kitu anachokithamini, au siyo? Wale wengine wacheke. Waache wacheke."

Nikamwambia nazi zinangoja.

Angeishia hapo angekuwa na kitu cha kuzeekea. Lakini siku ya hitima akataka kusikia kwa Rukaya mwenyewe. Mwanamke wa eda haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo Rukaya alikaa chumbani nyuma ya pazia, mimi pembeni yake, na Fikirini akakaa barazani, mgongo ukutani, akazungumza na kitambaa.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa, shemeji yangu. Wewe juzi ulituua." Akaanza kucheka kwa kukumbuka tu. "Mungu akulipe. Nilidhani siku ile sitainuka."

"Nilitaka kukuuliza. Watoto waliujulia wapi?"

"Si baba yao!"

Nikasikia Fikirini akikaa vizuri.

"Aliwafundisha?"

"Kufundisha? Kila Idi, tukishakula, watoto wanamshika: baba tufanyie Fiki, baba tufanyie Fiki. Basi anachukua mto, anautia chini ya shati hapa tumboni, anainama kama anafua nazi, halafu anainuka na vile vidole. Anaimba kwa pua. Wee! Watoto wanaitikia. Ilifika mahali majirani wanakuja na viti vyao. Wengine hawakujua hata kama wewe ni mtu kweli. Juzi mama mmoja wa Mbagala aliyekuja mazikoni ananiambia, kumbe Fiki yupo!"

Nje nikamsikia akiegemea ukuta tena.

"Na wimbo," Fikirini akasema baadaye. "Wimbo wenyewe alikuwa anausemaje?"

"Wimbo upi?"

"Huo."

"Ah," Rukaya akasema. Nilimwona akikunja uso, anajaribu kwa dhati kuelewa swali. "Kwani ni wimbo? Mimi nilijua ameutunga yeye, kukutania."

"Tuliutunga wote wawili. Tulikwenda kuurekodi Temeke. Tulikuwa kundi."

Rukaya akanitazama. Nikatazama mkeka. Midomo yake ikaanza kucheza, akajaribu kuibana, ikamshinda. Akaegemea ukuta, akajishika ubavu.

"Shemeji, niache! Mbavu zangu! Mwenzio niko eda!"

Kupitia upenyo wa pazia Fikirini alinitazama mimi. Nilijua anachotaka. Tulisoma pamoja, niliwaona wakiondoka na wakirudi; neno langu moja lingetosha. Ningemwambia tu Rukaya: mama watoto, ni kweli, haya hayakuwa maigizo. Nikapima. Upande mmoja mwanamke ana miezi mbele yake ya kukaa chumbani na ukuta, na kitu pekee kinachomchekesha ni hiki. Upande wa pili mfua nazi na sifa ambayo haitampa hata kilo ya sukari. Na tuseme ningesema, angepata nini? Angejua mumewe alikuwa akimcheka rafiki yake miaka yote hiyo, na rafiki angejua kwamba yeye amejua. Hakuna anayetoka pale na faida. Nikamimina chai.

Fikirini akaaga kwa adabu. Alikwenda kwa miguu hadi njia kuu.

Wiki kadhaa hakuimba chochote. Alifua nazi kimyakimya, na nazi zilitoka haraka zaidi, nisidanganye. Wapakiaji ndio waliokuwa wanaimba sasa. Ashrafu alikuwa ameupata ule wimbo kwenye simu. Kuna mtu msibani alirekodi, ukaenda kutoka simu hadi simu, ukavuka mto. Mtoto wangu Muzdalifa alirudi nao kutoka shule. Wanawake wa sokoni wakikutana, mmoja anauliza nani hatazeeka, mwingine anajibu kwa sauti ya mbuzi. Wimbo uliokaa miaka ishirini bila msikilizaji sasa unajulikana kuliko tangazo la sabuni. Na watu walimheshimu, kwa jinsi yao. Akipita wanampisha, wanasema ndiye yule, kiboko.

Nilimwambia mara moja tu. "Fikirini, watu wanaimba wimbo wako."

"Hawaimbi wangu," akasema. "Wanaimba wa Huseni." Akachoma nazi.

Kisha akaja Mwamvua kutoka Nyamwage. Mwanamke wa makamo, kapanda pikipiki toka alfajiri, tope hadi magotini, kafiwa na baba yake usiku. Mndengereko. Alisimama mbele ya kifuo, akamsalimia Fikirini kama mtu anavyomsalimia mganga.

"Wewe ndiye Fiki wa wimbo?"

Fikirini akanitazama. Nikaendelea na magunia yangu, lakini masikio sikuyafunga.

"Ndiye."

"Mtani, baba yetu kaondoka. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, hatutaki aondoke kinyonge. Watani wapo kule, lakini wazee, hawana kitu. Tumekubaliana nyumbani, tumfuate Fiki. Mama mwenyewe kasema. Hajala tangu jana, lakini alipoonyeshwa ile ya kwenye simu, alicheka."

Fikirini akaishika nazi iliyokuwa kwenye kifuo, hakuipindua. Aliishika tu.

"Simfahamu baba yako," akasema. "Mimi ule niliuimba kwa mtu niliyemfahamu."

"Haidhuru. Sisi tutakuitikia. Tumeshajifunza nyumba nzima."

Nilidhani atamfukuza. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumtuliza mfiwa. Lakini Fikirini alikaa akimtazama yule mwanamke, tope lake, khanga yake iliyofungwa upande, na midomo iliyokuwa imekauka. Niliwahi kuwaona wateja wakisimama hivyo mbele ya bei ya mwisho, wanajua hakuna duka jingine wazi.

"Mtakuwa kimya mpaka nimalize?" akamuuliza.

"Tutajitahidi. Lakini si unajua mwenyewe."

"Ndiyo," akasema. "Najua."

Akanawa mikono. Akaniomba ruhusa, nikampa, na siku hiyo sikumkata hela. Akapanda pikipiki nyuma ya dereva, Mwamvua akapanda nyuma yake, na kabla hawajaondoka yule mwanamke akamgusa bega, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu dawa yake.

"Mtani wangu, usisahau tu kulia pale mwisho. Ndipo watu wanapopapenda."

"Nitalia," Fikirini akasema.

Waliokuwepo Nyamwage wanasema alilia vizuri sana, vizuri kuliko Dimani.